Randi 560 kwa mwezi: ulinzi wa kengele Johannesburg kwa familia ya Kitanzania

Mtu akihamia Johannesburg, kabla hajajua hata duka la mkate liko wapi, ataulizwa amechukua kampuni gani ya ulinzi. Dalali atamwuliza, mwenye nyumba atamwuliza, na bima ya vyombo vya ndani itamwuliza kwa maandishi. Huduma yenyewe kila mtu hapa anaiita armed response. Unafungiwa kengele nyumbani, kengele inaunganishwa na chumba cha kampuni kinachokesha usiku na mchana, na ikilia linakuja gari lenye mlinzi mwenye bastola. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mhasibu kwenye kampuni ya malori. Tunaishi na mume wangu na watoto wawili Kensington, upande wa mashariki wa jiji, na tumekuwa wateja wa huduma hii tangu tulipopanga nyumba.

Jina la kampuni sitalitaja, na sababu ni ya maana. Kampuni moja inaweza kuwa na magari matatu mtaa huu na gari moja kwa mitaa minne ule mwingine. Sifa au lawama zangu za Kensington hazitamsaidia mtu anayehamia Randburg. Kinachosaidia ni kuijua huduma inavyofanya kazi, na zaidi ya yote kujua inamlinda nani, dhidi ya nini. Napigiwa simu na ndugu wanaokuja Sauzi kikazi, wanauliza: "Dada, huko kuna usalama?" Nawajibu kwa kuwauliza: utakaa wapi, utarudi nyumbani saa ngapi, utasafiri kwa chombo gani, na kibali chako kinaisha lini? Hayo manne ndiyo yanayopima hatari ya mgeni hapa.

Takwimu za polisi zinatisha na ni za kweli. Kwa mwaka wa 2023/24 pekee watu zaidi ya 27,000 waliuawa nchi nzima. Lakini vifo hivyo havikugawanyika sawasawa. Vituo vya polisi kama Inanda, Nyanga na Delft hurudi juu ya orodha robo mwaka baada ya robo mwaka, na wanaokufa huko wengi ni wenyeji maskini wa maeneo hayo hayo. Mtu mwenye mshahara, anayeishi nyumba yenye ukuta na kuendesha gari lake, hatari yake ni nyingine: kuvamiwa ndani ya nyumba, kunyang'anywa gari kwa bunduki, kuvunjiwa kioo kwenye taa za barabarani, kufuatwa kutoka benki au uwanja wa ndege. Na mtu huyo akiwa Mwafrika kutoka nje, anaongezewa fungu jingine ambalo wenzake wa kazini kutoka Ulaya hawalijui. Nitalifikia.

Tuanze na kengele. Kifurushi chetu kina vihisio vya ndani, miale ya nje inayozunguka uwanja, king'ora, kibao cha namba mlangoni na vitufe viwili vya dharura, kimoja kando ya kitanda na kingine naning'iniza pamoja na funguo. Tunalipa randi 560 kwa mwezi. Ufungaji ulikuwa bure, kwa sharti la kusaini miezi 36. Hapo simama kwanza, ndugu yangu. Sheria ya kumlinda mlaji ya Afrika Kusini, ya mwaka 2008, inaweka ukomo wa miezi 24 kwa mikataba ya muda maalumu, isipokuwa mteja amekubali wazi muda mrefu zaidi na kampuni inaweza kuonyesha kwamba anapata faida ya kifedha. Sheria hiyo hiyo inakupa ruhusa ya kuvunja mkataba kabla ya muda kwa taarifa ya siku 20 za kazi, ukilipa gharama ya kiasi kinachostahili. Kwa mwenyeji huo ni mjadala mdogo. Kwa sisi tunaoishi kwa kibali cha kazi cha miaka miwili, kusaini miaka mitatu ni kujifunga deni katika nchi ambayo huenda usiwepo. Niliwaonyesha tarehe kwenye pasipoti yangu, tukakubaliana miezi 24, na ufungaji ukabaki bure. Ulizia. Wanakubali.

Fomu nayo ina kisa chake. Mfumo wao ulidai namba ya kitambulisho ya tarakimu 13, ambayo mgeni hana. Binti wa mauzo alitaka kuandika namba ya mwenye nyumba ili mambo yaende. Nilikataa, na nakuomba na wewe ukatae. Jina lililo kwenye mkataba ndilo litakalosomwa redioni usiku gari linapokuja kwako, na usiku huo unataka kuwa wewe ndiye mkaaji wa nyumba kwa maandishi.

Uitikiaji wenyewe nausifu. Kengele ikilia, simu inaita ndani ya dakika moja. Mhudumu anauliza neno la siri. Ukilikosea au usipopokea, gari linatumwa. Kwetu gari hufika kati ya dakika tano na nane. Wakati wa mvua za radi za Desemba, kengele za mtaa mzima zikilia pamoja, tumewahi kungoja karibu nusu saa. Miale ya nje inasumbuliwa mno na hadeda, wale ndege wakubwa wanaotembea kwenye nyasi alfajiri wakipiga kelele. Fundi alikuja kuipandisha juu kidogo, na hakutudai kitu.

Betri ni jambo la kufuatilia mwenyewe. Ile betri ndogo ya asidi inayokuja na kengele ilitengenezwa kwa ajili ya umeme unaokatika mara chache. Mwaka 2023, mgao wa umeme ulipofika kiwango cha sita na nyumba ikakaa giza vipindi kadhaa kwa siku, betri hizo zilikufa jiji zima. Mgao wa kila siku ulisimamishwa Machi 2024, lakini wizi wa nyaya bado unaacha mitaa bila umeme kwa muda mrefu. Kampuni ilitubadilishia betri mara ya kwanza, baada ya hapo ikatuambia ni juu yetu. Nilinunua ya lithiamu. Fanya jaribio la kengele kila mwezi, na hakikisha chumba chao kimepokea ishara. Bima ikija kukagua dai lako, itataka kumbukumbu kwamba kengele ilikuwa imewashwa na inafanya kazi.

Kitu kizuri kuliko vyote kwenye kibao cha mlangoni ni namba ya pili ya siri. Mtu akikushikia silaha akuamuru uzime kengele, unabonyeza namba hiyo. Kengele inazima kama kawaida, mvamizi haoni tofauti, na huku ishara ya kimya inakwenda kwenye kampuni. Fundi wetu hakuitaja mpaka nilipomwuliza. Watoto wangu wanaijua, na wanajua pia kwamba haichezewi.

Sasa nieleze usiku ulionifanya niandike haya.

Kengele ililia saa nane na kitu. Umeme ulikuwa umekatika, na simu za wote wawili zilikuwa zimezima chaji. Mume wangu alisikia geti likigongagonga kwa upepo, akatoka na tochi kuliangalia. Gari la kampuni likafika. Mlinzi aliruka ukuta wa chini upande wa jirani, akamwona mwanamume mweusi, mrefu, amevaa msuli, amesimama gizani ndani ya uwanja. Akamwelekezea bastola na kumwamuru kwa Kizulu alale chini. Mume wangu alilala. Akasema kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye anayeishi hapa. Mlinzi aliisikia lafudhi, na lafudhi haikumsaidia mume wangu hata kidogo. Alidai aone pasipoti. Pasipoti ilikuwa ndani, chini ya godoro. Mimi nilikuwa dirishani napiga kelele kwamba huyo ni mume wangu, na nilisikia sauti yangu ikitoka kwa Kiswahili, maana kwa hofu ile Kiingereza kilinikimbia. Aliyetuokoa ni mama jirani, bibi wa Kireno aliyeishi mtaa huu maisha yake yote. Alifungua dirisha lake akamwambia mlinzi, kwa ukali ambao sitausahau, ashushe bunduki, huyo ni jirani yake.

Hakuna aliyeumia. Lakini tafakari: huduma tunayoilipia ili mume wangu awe salama ndiyo iliyomlaza chini uwanjani kwake. Mteja mzungu wa barabara hiyo hiyo, akitoka na tochi usiku, angeulizwa kwanza kama yuko salama. Hilo nililisema mbele ya meneja na ninalisema hapa. Hakuna kipeperushi cha kampuni yoyote ya ulinzi nilichowahi kukiona kinachomwambia mteja Mwafrika afanye nini mlinzi anapofika.

Meneja alikuja siku ya pili yake mwenyewe, hakutuma mtu. Alikaa sebuleni, akasikiliza, akaomba radhi kwa mume wangu bila kutafuta visingizio. Kisha mambo yalibadilika kweli. Walitupiga picha sote wanne na mama anayetusaidia kazi, ambaye ni Mmalawi, wakaziweka kwenye kumbukumbu ya anwani yetu ili dereva azione kwenye simu yake kabla hajafika. Tulipewa neno la kutamka uso kwa uso, tofauti na lile la simu. Walinzi wa zamu zote za eneo letu waliletwa mchana mmoja mmoja kusalimiana nasi. Yule wa usiku ule alikuja pia. Ni kijana anayefanya zamu za saa kumi na mbili mfululizo peke yake ndani ya gari, na alimpa mume wangu mkono kwa mikono miwili.

Yote hayo nilipaswa kuletewa siku ya kwanza bila kuomba, na ndiyo maana nayaandika: wewe yadai siku unayosaini. Dai pia waandike kwamba mlinzi hataomba pasipoti. Kwa sheria ya uhamiaji ya 2002, mwenye mamlaka ya kukutaka ujitambulishe uraia au ukaazi wako ni ofisa wa uhamiaji au polisi. Mlinzi binafsi hayumo. Kundi la Operation Dudula, lililoanza Soweto mwaka 2021 na kuzoea kuwazuia wageni milangoni mwa zahanati, nalo halimo. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ililipiga marufuku kudai karatasi za watu. Na kengele ikilia usiku, kaa ndani. Washa taa kama zipo, subiri simu au neno lenu la siri, usitoke hata kama geti linang'oka.

Kuhusu walinzi wenyewe: kampuni na kila mlinzi lazima wawe wamesajiliwa na PSIRA, mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya 2001. Walinzi binafsi walio kazini wanazidi nusu milioni, zaidi ya mara mbili ya polisi wote wa nchi. Usajili unaweza kuuhakiki mtandaoni, na kampuni inayosita kukupa namba yake ya usajili iache ipite.

Hatari kubwa, hata hivyo, haiko chumbani usiku. Iko getini, jioni, ukiwa umechoka. Uporaji wa magari na uvamizi wa nyumba mara nyingi huanzia pale unapongoja geti lifunguke. Kampuni yetu ina huduma ya kusindikiza ambayo imo ndani ya zile randi 560, na nadhani nusu ya wateja hawajui kama ipo. Unapiga simu ukiwa umbali wa dakika kumi, gari lao linakungoja mlangoni, unaingia, geti linafunga, wanaondoka. Mimi huitumia kila ninapotoka uwanja wa ndege wa O. R. Tambo usiku. Barabara ya R24 kutoka uwanjani inajulikana kwa wanaofuatwa hadi nyumbani, na kwetu ndiyo njia ya moja kwa moja, unapita makutano ya Gillooly's na umefika. Ukiona gari limekuganda nyuma, usigeuze kwenda kwako. Nenda kituo cha polisi au kituo cha mafuta chenye watu. Na hata bila msindikizaji, usiegeshe ukiwa umebana pua ya gari kwenye geti. Ngoja barabarani, mahali unapoweza kuondoka, mpaka geti liwe wazi. Kwa huduma hii peke yake ningelipa.

Ambulensi ni upande dhaifu. Kitufe cha dharura kina sehemu ya matibabu, lakini kampuni inachofanya ni kukuitia ambulensi binafsi na bili ni yako. Namba za serikali ni 10177 kwa ambulensi, 10111 kwa polisi, na 112 kutoka simu ya mkononi. Katiba, kifungu cha 27, inasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Mwandikie msaidizi wako wa kazi namba hizo jikoni kwa maandishi makubwa.

Halafu kuna hatari isiyokuwa na king'ora. Kibali chako kikiisha muda, benki inaweza kufunga akaunti. Akaunti ikifungwa, malipo ya kampuni ya ulinzi yanayokatwa kila mwezi yanarudi. Yakirudi, wanasimamisha uitikiaji. Kuna familia ya kutoka Kagera tunayoifahamu iliyopitia mlolongo huo wote huku maombi yao ya kuongeza muda yakiwa bado yanashughulikiwa. Waliligundua hilo siku walipobonyeza kitufe na kuambiwa huduma imesitishwa. Kampuni iliwatumia barua pepe moja tu, kwa anwani ya zamani. Muulize muuzaji: malipo yakirudi, mtanipigia simu kabla ya kusimamisha? Yetu imekubali kwa maandishi kungoja siku saba. Nakala za pasipoti na kibali, zilizogongwa muhuri kituo cha polisi, kaa nazo kwenye gari, na zile halisi ziache nyumbani. Muhuri huo ni bure. Asiyekuwa na karatasi yoyote anaweza kuishia Lindela, kituo cha kuwashikilia wageni kule Krugersdorp, na hakuna kengele itakayomtoa huko.

Na chuki dhidi ya wageni? Mei 2008 watu 62 waliuawa. Ikaja tena Durban 2015. Septemba 2019 ikawa hapa hapa: maduka ya magari ya Jules Street yaliteketezwa, na Jules Street iko bondeni, chini yetu tu. Siku kama hizo gari moja lenye mlinzi mmoja haliwezi kuzuia umati, na kampuni ya kweli itakwambia hivyo. Yetu ilisema. Wanachoweza kufanya, na wanakifanya vizuri, ni kutuma ujumbe mapema wa barabara zilizofungwa na maandamano yanakoelekea. Kilichobaki ni watu wako: majirani wanaojua jina lako, Watanzania wenzako kwenye kundi la WhatsApp, mwajiri anayekuruhusu kubaki nyumbani, ubalozi wetu ulioko Pretoria unaojua kwamba upo. Jiandikishe kule. Nenda pia kwenye mikutano ya polisi jamii ya mtaa. Sisi tulikwenda, na tangu hapo hakuna aliyeandika tena kwenye kundi la mtaa kwamba kuna "mtu wa kutiliwa shaka" mume wangu anapotembea jioni.

Kwa hiyo nani alipe? Anayepanga nyumba yenye uwanja wake, Kensington, Melville, Randburg au Kempton Park, alipe, na adai kusindikizwa na picha za familia kwenye kumbukumbu. Anayekaa kwenye nyumba za pamoja zenye lango moja na walinzi, kama nyingi za Midrand na Fourways, ulinzi umo kwenye ada ya kila mwezi. Kulipa mara mbili si lazima, kitufe cha dharura kinatosha. Kijana anayekuja peke yake na kupanga chumba Yeoville au Berea, hatari yake iko njiani, si chumbani. Fedha hizo azitumie kwa usafiri wa kuaminika baada ya saa kumi na mbili jioni, na kwa Gautrain, treni ya kasi ya hapa, pale inapofika.

Mkataba wetu unaisha Agosti. Tutaendelea nao, ila kwa mwezi kwa mwezi. Nimewaandikia kwamba sharti langu ni moja: fomu ya mteja mpya iwe na nafasi ya picha za wote wanaoishi nyumbani, kwa kila mteja, awe ametoka popote. Meneja amejibu kwamba eneo letu wameshaanza, na maeneo mengine anasubiri ofisi kuu.